Kakamatwa Jumatatu, Alhamisi Yuko Maskani: Kesi ya Wizi wa Kimabavu Inavyokwenda

Kila vijana wa panga wanapozuka Kisauni, Bamburi au Likoni, hapa Mombasa, mazungumzo ya barazani hufuata njia ileile. Siku ya kwanza watu huuliza polisi wako wapi. Siku ya pili zinasikika habari kuwa wawili watatu wameshikwa. Baada ya siku chache mmoja wao anaonekana amekaa maskani kama kawaida, na hapo mtaa unatoa hukumu: hakimu kahongwa, polisi wamekula, hakuna serikali.

Hasira hiyo ina haki yake. Mtu aliyekatwa mkono kwa ajili ya simu hawezi kuambiwa atulie tu. Lakini ndani yake kuna mambo mengi yaliyochanganywa pamoja: kukamatwa, kushtakiwa, kutoka kwa dhamana, kuachiliwa huru, kupunguziwa adhabu. Kila moja lina wakati wake na mtu wake wa kuliamua. Asiyeyapambanua humlaumu hakimu kwa kosa lililofanyika kituoni, na humlaumu polisi kwa jambo ambalo Katiba imemfunga mikono. Na maoni yangu, ambayo nitayaeleza hapa kwa kirefu, ni kwamba kesi ya aina hii mara nyingi haiharibikii mbele ya hakimu. Huharibika saa za mwanzo kabisa, mikononi mwa polisi na mikononi mwetu sisi wakazi.

Makosa yenyewe ni yapi

Tuanze na majina ya makosa, maana adhabu inakwenda na jina. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, inaanza na wizi mtupu. Umeegesha baiskeli nje ya msikiti, ukitoka huioni: huo ni wizi, na adhabu yake ya kawaida haizidi kifungo cha miaka 3. Aliyekuchomoa pochi kwenye msongamano wa feri ya Likoni bila wewe kuhisi ameiba kutoka mwilini mwa mtu, na sheria inaruhusu afungwe hadi miaka 14. Mpaka hapo hakuna nguvu wala vitisho.

Nguvu zikiingia, kosa linabadilika. Kifungu cha 295 kinasema kwamba mtu akiiba, na wakati huo au punde kabla au baada yake akatumia nguvu au akatishia kuzitumia ili akipate kile kitu au asizuiwe kuondoka nacho, huo ni unyang'anyi. Adhabu yake chini ya kifungu cha 296(1) ni hadi miaka 14.

Halafu kuna 296(2), na hiki ndicho kinachotajwa kila gazeti linapoandika wizi wa kimabavu. Unyang'anyi hupanda ngazi, na adhabu iliyoandikwa huwa ni kifo, ikiwa mnyang'anyi alikuwa na silaha ya hatari, au alikuwa na mwenzake mmoja au zaidi, au alimjeruhi, kumpiga au kumfanyia mtu nguvu nyingine katika tukio hilo. Lolote kati ya hayo latosha, si lazima yote matatu yakutane. Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani lazima kuwe na bunduki au damu. Vijana wawili mikono mitupu wakimzingira mama anayetoka soko la Kongowea, wakamtisha mpaka akatoa simu ya shilingi elfu tano, tayari wameingia kwenye kifungu cha kifo. Bei ya simu haihesabiwi. Hata wakijaribu wakashindwa, kifungu cha 297(2) kinawasubiri na adhabu ni hiyohiyo.

Mimi naona mipaka hii imechorwa vibaya. Anayemtisha mtu peke yake bila silaha anakabiliwa na miaka 14, akiandamana na rafiki yake anakabiliwa na kitanzi, na kilichobadilika ni idadi ya miguu barabarani. Mwaka 2016 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema vifungu hivi haviupimi uzito wa makosa inavyostahili. Hata hivyo kifungu kiliendelea kutumika, na ndicho mshukiwa wa Kisauni atakachosomewa.

Mkono wa raia

Mara nyingi wa kwanza kumshika mwizi si polisi. Ni mwendesha boda, ni muuza madafu, ni vijana wa mtaa waliosikia ukemi. Sheria inawaruhusu. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinampa raia uwezo wa kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, au anayemshuku kwa sababu ya maana kuwa amelitenda. Kifungu kinachofuata kinamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa.

Uwezo huo unaishia hapo. Anayemwaga petroli au kurusha jiwe la mwisho ametenda kosa la mauaji, na hakuna ibara yoyote inayomkinga kwa sababu marehemu alikuwa mwizi. Nasema hivi nikijua uchungu uliopo mitaani. Lakini hata mwenye kutaka magenge yaishe afikirie jambo moja: maiti haimtaji aliyenunua zile simu, wala aliyekodisha pikipiki, wala mkubwa anayewapa vijana tembe kabla ya kuwatuma. Ukimuua mtoto wa miaka kumi na saba, umemfichia siri yule aliyemtuma. Na kuna watu wameuawa katika nchi hii kwa kuitiwa mwizi na mtu aliyekuwa akiwadai pesa.

Saa 24

Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, isizidi saa 24. Saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi wa mahakama, au siku isiyo ya mahakama, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo aliyeshikwa Nyali Ijumaa jioni anaweza kukaa seli mpaka Jumatatu na sheria haijavunjwa, jambo linalozishangaza sana familia zinazozunguka kituoni siku ya Jumamosi na vyakula mkononi.

Wazee wengi bado wanazungumzia siku 14. Hawakuota. Katiba ya zamani iliruhusu anayeshukiwa kwa kosa la adhabu ya kifo kukaa mikononi mwa polisi hadi siku 14 kabla ya kuletwa kortini. Utaratibu huo ulikufa Agosti 2010.

Saa 24 ni chache, na upelelezi huenda haujakwisha. Ndiyo sababu mara nyingine mshukiwa huletwa mahakamani bila kusomewa mashtaka, na upande wa serikali ukaomba aendelee kuzuiliwa siku kadhaa. Hakimu anaweza kukubali, anaweza kupunguza siku zilizoombwa, anaweza kukataa. Mtu akisikia redioni kwamba mshukiwa amepewa siku saba, asidhani hicho ni kifungo. Maana yake ni kwamba kesi yenyewe haijaanza.

Katika saa hizo mshukiwa ana haki ya kuambiwa kwa lugha anayoielewa kwa nini amekamatwa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kutolazimishwa kukiri. Na maungamo yaliyotolewa kwenye meza ya mpelelezi hayana nguvu mahakamani. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinataka maungamo yatolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kisichopungua Inspekta ambaye siye anayeipeleleza kesi hiyo, na awepo mtu wa tatu ambaye mshukiwa mwenyewe amemchagua. Kwa hiyo ile video ya kijana aliyevimba uso akikiri makosa yote ya Kisauni haimfungi. Inaweza kumsaidia kutoka, kwa sababu wakili wake ataitumia kuonyesha jinsi polisi walivyofanya kazi.

Anayeamua shtaka, na dhamana

Polisi hupeleleza. Uamuzi wa kushtaka, na kushtaki kwa kosa gani, ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, DPP, kupitia maafisa wake walioko Mombasa. Ibara ya 157 ndiyo inayompa mamlaka hayo, na akishaanzisha kesi hawezi kuiondoa bila ruhusa ya mahakama. Faili ikija bila shahidi, bila simu, bila ripoti ya daktari, afisa wa mashtaka anaweza kuirudisha, au kuliteremsha shtaka likawa la wizi tu. Hapo mtaa husema kesi imeuzwa. Huenda imeuzwa kweli, maana rushwa ipo na hakuna wa kulificha hilo. Lakini huenda faili ilikuwa na karatasi mbili tu.

Sasa dhamana, jambo linalochoma kuliko yote. Zamani kosa la wizi wa kimabavu halikuwa na dhamana kabisa, na imani hiyo bado inaishi. Katiba ya 2010 ilimpa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya haki, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumnyima. Kosa halikutengwa, hata la adhabu ya kifo.

Ukikodi masufuria ya harusi, mwenye masufuria hutaka uache amana na kitambulisho. Hajakupa masufuria yawe yako, anataka uhakika kuwa utayarudisha, na ukiyarudisha yote amana yako unapewa. Dhamana ni hivyo. Mahakama imeshika pesa, hati ya shamba au kitabu cha gari cha mdhamini ili mshtakiwa arudi kila tarehe. Akitoroka, mali inachukuliwa na hati ya kumkamata inatolewa. Akihudhuria mpaka mwisho, mdhamini anarudishiwa, hata kama mshtakiwa amefungwa. Hakuna faini iliyolipwa hapo, na hakuna aliyesema mtu huyu hana hatia.

Kuna tofauti moja ya kushika. Mkuu wa kituo, yaani OCS, anaweza kumwachilia kwa bondi mtu aliyekamatwa kwa makosa ya kawaida. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinatenga mauaji, uhaini, wizi wa kimabavu na jaribio lake. Hivyo basi, kijana aliyeandikwa kwa wizi wa kimabavu akitoka kituoni usiku uleule bila kufika kortini, jirani wana kila sababu ya kuuliza nani amemtoa na kwa karatasi gani. Akitoka mahakamani Alhamisi kwa dhamana, swali ni lingine.

Na swali hilo lina pa kuulizwa. Hakimu hupima uzito wa kosa, nguvu ya ushahidi, kama mshtakiwa ana makao yanayojulikana, kama aliwahi kuruka dhamana, na kama atawaingilia mashahidi. Upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuzileta sababu nzito. Ikiwa mshtakiwa anaishi nyumba ya tatu kutoka kwa yule aliyemkata panga, na hakuna aliyemwambia hakimu hivyo, hakimu hawezi kuota. Aliyeumizwa ana nafasi ya kusikilizwa juu ya dhamana. Amweleze kiongozi wa mashtaka kabla ombi halijasikilizwa. Wanaonyimwa, na wale maskini waliopewa masharti wasiyoyaweza, hungojea kesi zao rumande, na kwa wanaume wa Mombasa hiyo maana yake ni Shimo la Tewa.

Siku ya kwanza

Hapa ndipo ningependa kila mkazi asome taratibu.

Umeporwa saa tatu usiku, njia ya giza. Unakwenda kituoni ukitetemeka. Afisa wa dawati anafungua kitabu cha matukio, OB, na kuandika mistari minne. Mistari hiyo itasomwa na wakili wa utetezi mwaka mmoja baadaye, neno kwa neno. Ikiwa kitabu kinasema "aliporwa na watu wasiojulikana", kisha mahakamani ukasema uliwatambua na mmoja ni mtoto wa jirani uliyemwona akikua, utaulizwa: kwa nini hukumtaja usiku ule? Labda ulimtaja na afisa hakuandika. Labda uliogopa. Mahakama itaona pengo, na pengo hilo hujazwa kwa faida ya mshtakiwa.

Kwa hivyo simama pale mpaka aandike. Ulimjua? Toa jina, au jina la utani, au ukoo. Hukumjua? Eleza kimo, mwili, sauti, nguo, kovu, aliyeshika panga alikuwa yupi. Eleza mwanga ulitoka wapi, ulimwona kwa muda gani, alikuwa umbali gani. Maswali haya si usumbufu. Mwaka 1953 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, ilionya kwamba ushahidi wa mtu mmoja aliyemtambua mshukiwa katika hali ngumu lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa mno, na mahakimu wa Kenya wanaitaja kesi hiyo hadi leo. Sababu ni nyepesi kueleweka: mtu aliyewekewa panga shingoni huiangalia panga. Anaweza kuapa kwa dhati kuwa ni fulani, na akawa amekosea.

Ikiwa hukumjua, polisi wanapaswa kufanya gwaride la utambuzi. Mshukiwa husimamishwa pamoja na watu wasiopungua 8 wanaofanana naye kwa umri, kimo na umbo. Yeye huchagua pa kusimama, na anaweza kuhama kabla ya shahidi mwingine kuingia. Anaweza kuwa na wakili au rafiki. Anayesimamia si mpelelezi wa kesi. Shahidi huingia peke yake, hupita mbele ya mstari, na akimtambua humgusa. Sharti kubwa ni kwamba shahidi hakuonyeshwa mshukiwa kabla.

Tazama sasa tunavyofanya. Kijana ameshikwa saa nne asubuhi. Saa nne na dakika tano picha yake iko kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, amepiga magoti, na chini imeandikwa "huyu ndiye". Wote walioporwa mwezi ule wanaiona. Siku ya gwaride wanamgusa bila kusita, na wakili anauliza swali moja tu: uliiona picha kabla? Gwaride limekufa. Na shahidi anayemnyooshea mtu kidole kizimbani kwa mara ya kwanza, bila gwaride nyuma yake, hupewa uzito mdogo, kwa sababu kila anayeingia kortini anajua mshtakiwa ndiye aliye kizimbani. Ningeomba wasimamizi wa hayo makundi walifikirie hili kwa dhati: ile picha iliyokusudiwa kumkomesha mwizi inaweza kuwa ndiyo iliyomfungulia mlango.

Ukijeruhiwa, chukua kituoni fomu ya P3, ile ya kuandikiwa majeraha, na daktari wa hospitali ya serikali aijaze, iwe Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara au kwingine. Weka shati lenye damu, usilifue. Panga iliyookotwa ibaki kwa polisi, na ijulikane nani aliiokota na nani alimkabidhi nani.

Simu ndiyo shahidi asiyechoka. Kila simu ina nambari yake ya IMEI; ipige *#06# leo uiandike mahali, na sanduku na risiti usitupe. Mali ikipatikana kwa mtu muda mfupi baada ya tukio, ikathibitika ni yako na iliibwa kwako, mzigo wa kueleza ameipataje unamwelemea yeye, na asipoeleza kwa njia ya kuaminika mahakama inaweza kumhesabu kuwa ndiye mnyang'anyi. Hapa wanunuzi wa simu za bei ya kutupa wajihadhari. Aliyeinunua kwa elfu mbili bila risiti, akijua au akiwa na sababu ya kujua ni ya wizi, anakabiliwa na kosa la kupokea mali ya wizi, kifungu cha 322, hadi miaka 14. Bila wao panga isingekuwa na faida yoyote.

Kortini

Watu hudhani kesi ya adhabu ya kifo lazima iende kwa jaji wa Mahakama Kuu. Mauaji huenda huko. Wizi wa kimabavu husikilizwa na hakimu wa cheo cha juu, hapa kisiwani au Shanzu, na hakimu huyo anaweza kutoa hukumu ya kifo. Mshtakiwa husomewa mashtaka kwa lugha anayoielewa, akijibu "si kweli" kesi inapangiwa tarehe. Baadhi ya tarehe ni za kutajwa tu, shahidi hatakiwi. Muulize mpelelezi kabla hujaacha kazi yako.

Mashahidi wa serikali wakimaliza, hakimu huamua kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Asipokuwa nayo, anaachiliwa huru hapo hapo. Tofauti na hilo ni kuondolewa kwa mashtaka chini ya kifungu cha 87(a): mtu anatoka, lakini anaweza kukamatwa tena kwa kosa lilelile ushahidi ukipatikana. Hakimu pia anaweza kukuta mabavu hayakuthibitishwa, akamfunga kwa kosa dogo zaidi lililothibitika.

Baadhi ya wanaoshikwa na mapanga ni watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 imesema aliye chini ya miaka 12 hawezi kubeba hatia ya jinai, na aliye chini ya 14 anachukuliwa kuwa hajui kupambanua jema na baya mpaka ithibitishwe vinginevyo. Aliye chini ya 18 hahukumiwi kifo, na hatakiwi kuchanganywa na watu wazima seli. Hii haimaanishi anaenda nyumbani akicheka. Mahakama inaweza kumpeleka kwenye taasisi ya kurekebisha tabia au kumweka chini ya afisa wa urekebishaji. Mzazi aje na cheti cha kuzaliwa siku ya kwanza, kwa sababu kijana mrefu bila cheti huandikwa mtu mzima.

Hukumu ya kifo

Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Waliohukumiwa hubaki gerezani, na kwa nyakati mbalimbali marais wamegeuza hukumu hizo kuwa kifungo cha maisha: Kibaki mwaka 2009 kwa zaidi ya wafungwa 4,000, Uhuru Kenyatta mwaka 2016 kwa 2,747, na Ruto mwaka 2023. Kupunguziwa huko si kusamehewa. Mtu anaendelea kukaa ndani.

Mkanganyiko mwingine ulianzia hapa kwetu. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ikikaa Mombasa, katika kesi ya Godfrey Mutiso, ilisema hakimu au jaji asilazimishwe kutoa kifo kwa muuaji, bali apime. Miaka mitatu baadaye mahakama hiyohiyo, kwa majaji watano, ikageuka. Desemba 2017 Mahakama ya Juu, iliyo juu ya mahakama zote nchini, katika kesi ya Francis Muruatetu, ikarudi kwenye msimamo wa Mombasa. Wafungwa wa wizi wa kimabavu wakafurika kuomba hukumu mpya, na wengi walipunguziwa. Kisha Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kuwa uamuzi wake ulihusu mauaji pekee. Ndiyo maana unaweza kuwakuta wawili waliotenda kosa moja, mmoja ana miaka kumi na mitano na mwingine ana kifo, kutegemea mwaka waliposikilizwa. Sioni namna ya kuitetea hali hiyo, na Bunge ndilo lenye kalamu ya kuirekebisha.

Aliyehukumiwa ana siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Na pale kifungo ni cha miaka, siku alizokaa rumande hutiliwa maanani, hivyo mtu akitoka mapema kuliko ulivyotarajia, huenda alishaitumikia sehemu kubwa Shimo la Tewa kabla ya hukumu.

Wazee wakija kuomba yaishe

Karibu kila familia iliyoporwa hupokea ujumbe huu: wazee wa upande wa pili wamekuja, wanaomba yamalizwe nyumbani, simu italipwa. Huruma ni jambo la heshima, na wanaokuja mara nyingi ni wazazi wenye aibu kweli. Lakini kesi hii si yako. Ni ya Jamhuri, na wewe ni shahidi. Sheria ya Mwenendo wa Kesi inahimiza suluhu katika makosa madogo ya watu binafsi, si katika makosa makubwa kama haya. Ukipokea pesa ukaacha kwenda kortini, kesi inaweza kuanguka kwa kukosa shahidi, na wewe mwenyewe unaweza kuitwa kwa amri ya mahakama.

Wengine hawaletewi wazee, wanaletewa vitisho. Kijana anapita dirishani akisema anajua watoto wako wanasoma wapi. Hili ndilo linaloua kesi nyingi za mitaa yetu kimyakimya, na jamaa za walioporwa hukaa wakilaumu korti. Kumtisha shahidi ni kosa jingine, na pia ni sababu ya kutosha ya kuomba dhamana ifutwe. Ipo Sheria ya Kulinda Mashahidi ya 2006 na shirika lake, kwa hali zilizo za hatari zaidi. Kwa mshtakiwa asiye na uwezo wa wakili, Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, kina ofisi Mombasa, na kesi ikiendeshwa vizuri pande zote mbili hukumu yake haivunjwi kirahisi kwenye rufaa. Wewe uliyetishwa, nenda kituoni siku hiyohiyo vitisho viandikwe OB, na nambari yake umpe kiongozi wa mashtaka kabla ya tarehe inayofuata, kwa sababu hakimu hawezi kufuta dhamana kwa maneno yaliyobaki barazani.